Viti vinane, milango mitatu: uchambuzi wa ziara ya siku moja Champagne

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha ziara ya siku moja iliyoondoka Paris mwanzoni mwa Septemba kwenda Champagne, eneo la mvinyo wa povu uitwao shampeni kaskazini-mashariki mwa Ufaransa, ikiwa na wageni wanane na mwongozaji mmoja aliyekuwa pia dereva. Nilikuwa miongoni mwa wageni hao, na kwa kuwa riziki yangu inatokana na kupanga safari za watalii, nilikuwa na sababu ya kutazama yale ambayo mgeni wa kawaida hayajali sana: saa, simu za mwongozaji, na makubaliano yaliyokuwa nyuma ya kila mlango tuliofunguliwa. Kampuni iliyotupeleka sitaitaja, wala wenyeji waliotupokea. Ziara iliisha wageni sita wakiwa wameridhika na wawili wakidai kurudishiwa fedha, ilhali wote wanane walikuwa wamepanda gari moja na kusikia maelezo yaleyale. Tofauti hiyo inalazimisha kuuliza ni kitu gani hasa kinachouzwa mtu anapouziwa ziara ya kundi dogo.

Swali hilo lina uzito kwa sababu bei yenyewe ilikuwa nzito. Kila mmoja wetu alilipa zaidi ya euro 200, wakati treni ya kasi kutoka kituo cha Gare de l'Est hufika mji wa Reims kwa takribani dakika 45, na nyumba nyingi kubwa za shampeni, yaani kampuni zinazoitengeneza, huuza tiketi za kuingia katika maghala yao kwa yeyote anayeagiza mapema. Anayetaka tu kuona mahandaki na kunywa bilauri mbili hahitaji kampuni. Kwa hiyo tofauti ya bei ililipiwa kitu kingine, na brosha ilikitaja kuwa ni udogo wa kundi: watu wasiozidi wanane.

Idadi hiyo haikuchaguliwa na wapenzi wa mvinyo. Leseni ya udereva ya daraja B, ambayo ndiyo ya kawaida katika nchi za Umoja wa Ulaya, inamruhusu mtu kuendesha gari lenye nafasi za abiria wanane mbali na dereva. Akiongezwa abiria wa tisa, sheria inalihesabu gari kuwa ni la daraja jingine, dereva anatakiwa kuwa na leseni ya mabasi, na nchini Ufaransa kiwango cha kilevi anachoruhusiwa kuwa nacho kinashuka kutoka gramu 0.5 hadi gramu 0.2 kwa lita ya damu. Wanane ni idadi iliyowekwa na sheria za barabarani, kisha ikavishwa nguo za upendeleo. Hakuna ubaya katika hilo, mradi mwenye kampuni asije akaamini brosha yake mwenyewe na kudhani kwamba gari dogo linatosha kuifanya ziara iwe ndogo.

Ratiba tuliyouziwa ilikuwa hivi. Tungeondoka Paris saa moja na robo asubuhi, tuingie katika ghala la nyumba moja kubwa mjini Reims saa tatu na nusu, tuone kanisa kuu la Notre-Dame, tule chakula cha mchana na kuonja mvinyo kwa mkulima mdogo katika bonde la mto Marne, tupite kijiji cha Hautvillers alikozikwa Dom Pérignon, mtawa ambaye hadithi humpa sifa ya kuvumbua shampeni, kisha tumalizie kwa kuonja mara ya tatu katika Avenue de Champagne, mtaa wa nyumba kubwa za shampeni mjini Épernay, na saa moja jioni tuwe tumerudi Paris. Milango mitatu ya kuonjea, kanisa moja, kaburi moja, na karibu saa nne za barabarani kwenda na kurudi. Mtu aliyewahi kupanga safari ataona mara moja kwamba ratiba hiyo haina hata dakika 30 za akiba.

Tena iliuzwa kwa mwezi wa mavuno, na hapo ndipo tatizo lilipoanzia, kabla gari halijawashwa. Zabibu za Champagne huvunwa mara moja kwa mwaka, tofauti na Dodoma ambako mzabibu huvunwa mara mbili, na tarehe za kuanza kuvuna hutangazwa kila mwaka, kwa kila kijiji na kila aina ya zabibu, muda mfupi tu kabla ya kazi. Tarehe hizo zimekuwa zikisogea mapema kadiri majira ya joto yanavyozidi ukali. Mwaka 2020 uvunaji ulianza katikati ya Agosti. Anayenunua ziara mwezi wa Aprili hawezi kujua iwapo siku yake itaangukia kwenye mavuno, na kampuni pia haiwezi kujua kwa uhakika. Lakini kampuni inajua, au inapaswa kujua, kwamba kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Septemba mkulima mdogo hawezi kuahidi saa.

Asubuhi hiyo mkulima alimpigia simu mwongozaji tukiwa bado Paris. Zabibu za pinot noir na meunier ndizo zilizoshika sehemu kubwa ya bonde la Marne, na zote mbili zina ganda jeusi na maji meupe. Zikicheleweshwa, ganda hutia rangi maji, na mvinyo uliokusudiwa kuwa mweupe huharibika. Ndiyo maana kanuni zinataka mashada yavunwe kwa mkono yakiwa mazima, na kila kijiji kina vituo vyake vya kukamulia karibu na mashamba. Wavunaji wa mkulima huyo wangeleta mzigo mkubwa kuanzia saa sita mchana, na kuanzia wakati huo asingeweza kuacha mashine ili kuwahudumia wageni. Aliomba tufike saa nne na nusu au tusubiri hadi jioni. Mwongozaji alimjibu kwamba saa tatu na nusu tulikuwa na miadi Reims, na kwamba atafikiria.

Kilichomfanya aamue ni foleni. Kwenye barabara kuu ya A4 magari yalisimama kwa muda mrefu kwa sababu ya ajali iliyotokea mbele yetu, na ilipofika saa tatu kasoro dakika chache ilikuwa wazi kwamba miadi ya Reims imetupita. Akaegesha kwenye kituo cha mapumziko, akashuka, na akapiga simu mbili huku akitembea kati ya gari na pampu za mafuta. Aliporudi alitueleza kwamba tungeanza na mkulima, kwamba Hautvillers ingefuata, na kwamba Reims wamekubali kutupokea saa tisa alasiri.

Uamuzi huo ulikuwa mzuri kuliko alivyoweza kuueleza. Anayetoka Paris kwa barabara ya A4 huingia bonde la Marne karibu na Château-Thierry kabla ya kufika Reims, kwa hiyo kumtembelea mkulima kwanza kulifuata njia yenyewe badala ya kuipinga. Zaidi ya hayo, nyumba ile kubwa iliweza kutuhamisha kwa sababu tulikuwa wanane: kundi la saa tisa lilikuwa limebakiwa na nafasi chache, na wanane wakatoshea. Basi la watu 48 lisingepata nafasi kama hiyo mwezi wa Septemba, na dereva wake angelazimika kuchagua kati ya kupoteza tiketi zote na kumpoteza mkulima. Hapa ndipo nilipoanza kuona faida halisi ya udogo. Haikuwa nafasi ya kunyoosha miguu garini. Ilikuwa ni uwezo wa kubadilisha mpango wa siku kwa simu mbili.

Kwa mkulima

Nyumba ya mkulima iko kijijini, si mbali na Damery, na haina kibao kikubwa barabarani. Tulipopita Damery mwongozaji alitusimulia jinsi wakulima wa hapo, Januari 1911, walivyovamia maghala ya mfanyabiashara aliyeshukiwa kutengeneza shampeni kwa mvinyo wa kutoka nje ya eneo, na jinsi ghasia zilivyoenea hadi mji mdogo wa Aÿ miezi michache baadaye, ambako nyumba zilichomwa moto. Mipaka ya eneo linaloruhusiwa kutumia jina la Champagne iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1927, na leo mashamba yake yana ukubwa wa takribani hekta 34,000. Kisa hicho cha 1911 alikisimulia mahali pake na kwa wakati wake, kwa maana dakika kumi baadaye tulikuwa mbele ya mtu ambaye anakamua zabibu zake mwenyewe na kuuza chupa zenye jina lake. Kwenye lebo, kwa herufi ndogo sana karibu na ukingo, kuna alama ya RM inayomtambulisha mkulima anayetengeneza mvinyo wake, tofauti na NM ya nyumba zinazonunua zabibu kwa wengine.

Mashine ya kukamulia ilikuwa imekwisha kujazwa mara moja alfajiri. Mzigo mmoja ni kilo 4,000 za zabibu, na kanuni zinaruhusu kutoa lita 2,550 tu za maji: lita 2,050 za mwanzo, ambazo ndizo bora, na lita 500 za mwisho ambazo huwekwa kando. Mkulima hakutoa hotuba. Alituonyesha kwanza makreti matupu yaliyooshwa na kupangwa uani, halafu mlima wa makapi yaliyobaki, kisha akatuita karibu na birika la chini ambamo maji ya zabibu yalikuwa bado yanatiririka kidogo kidogo, yakiwa na rangi ya kijivu iliyochanganyika na waridi. Kijana mmoja mwenye buti za mpira alikuwa akiyachota makapi kwa uma mkubwa wa kilimo, na nyigu walikuwa wengi kiasi kwamba kila mmoja wetu alifunika mdomo wake kwa mkono.

Katika kundi letu alikuwamo mama mmoja mzaliwa wa Unguja anayeishi Muscat, aliyefuatana na binti yake anayesoma Paris. Wote wawili hawanywi pombe. Walikuja kwa sababu binti anasoma mambo ya kilimo na mama hakutaka kubaki hotelini peke yake, na walilipa bei ileile kama sisi wengine, kwa kuwa brosha haikuwa na bei nyingine. Katika ratiba ya kawaida wangekaa wakitazama bilauri za watu katika vituo vitatu. Hapa mkulima alichukua jagi, akalikinga chini ya bomba kabla maji hayajatiwa chochote, akawamiminia. Mama alimwomba binti yake aulize kwa Kifaransa kama yamekwisha kuanza kuchacha. Mkulima alicheka akasema yametoka kwenye ganda dakika hiyo hiyo, kwamba yatalala tangini kwa saa kadhaa kwanza ili uchafu ujitenge, na kwamba hamira huanza kazi baada ya hapo. Mama alionja, akanigeukia: "Mwanangu, hii ni sharubati tupu. Tamu kuliko ya kwetu." Sote tukapewa.

Nimelieleza hili kwa kirefu kwa sababu lisingetokea katika ratiba iliyouzwa. Maji mabichi ya zabibu hupatikana wakati wa mavuno tu, katika saa ambazo mashine inafanya kazi, na kwa mkulima ambaye anaweza kumwacha mgeni asogee hadi kwenye birika. Kundi la watu 20 lisingeingia uani pale bila kuzuia trekta. Na ni kituo hiki hiki ambacho, mwezi mwingine wowote, kingekuwa ni meza, bilauri nne na maelezo ya mdomo.

Baada ya birika tulishuka ghalani. Huko alituonyesha ubao ulioinama wenye matundu, ambamo chupa huchomekwa shingo na kuzungushwa kidogo kidogo kila siku hadi mashapo ya hamira yateremke kwenye kizibo. Nyumba kubwa hutumia mashine kwa kazi hiyo, na yeye pia anazo kwa sehemu kubwa ya chupa zake. Alieleza kwamba povu hutokana na kuchachuka mara ya pili ndani ya chupa yenyewe: mvinyo hutiwa sukari, takribani gramu 24 kwa lita, pamoja na hamira, kisha hufungwa, na hewa inayozalishwa hukosa pa kutokea. Shinikizo hufika mara sita ya lile la angahewa, yaani zaidi ya mara mbili ya tairi la gari. Shampeni ya kawaida haiwezi kuuzwa kabla ya miezi 15 tangu kutiwa kwenye chupa, na ile iliyotengenezwa kwa zabibu za mwaka mmoja tu kabla ya miaka mitatu. Mashapo yakishateremka, shingo ya chupa hugandishwa, kizibo hufunguliwa, na donge la barafu lenye mashapo hurushwa nje na shinikizo lenyewe. Kwa kuwa tulikuwa tumetoka kuona zabibu juu, hakuna aliyehitaji kurudiwa.

Kuanza kwa mkulima kulikuwa na hasara moja. Tulionja mvinyo wa aina nne saa tano asubuhi, na wengi wetu tulikuwa tumekunywa kahawa tu tangu alfajiri. Bilauri ya sentilita kumi yenye mvinyo wa asilimia 12 ina karibu gramu kumi za kilevi. Mimimino ya hapa ilikuwa midogo kuliko hiyo, lakini mkulima alikuwa mkarimu na alirudia aina mbili. Mwongozaji aliomba mkate na jibini viletwe mapema, jambo lililosaidia. Hakueleza chombo cha kutemea kilichokuwa mezani kilikuwa cha kazi gani, na kijana mmoja wa kundi letu alidhani ni ndoo ya barafu, akameza kila alichopewa. Ifikapo saa sita alikuwa akizungumza kwa sauti ya mtu aliye ng'ambo ya mto.

Shambani na Hautvillers

Kati ya kijiji na Hautvillers tulisimama mara moja kwenye mteremko wa mizabibu ambako wavunaji walikuwa kazini. Hapakuwa na kituo hapo katika ratiba. Mtu mmoja aliomba, na mwongozaji akaegesha pembeni. Kazi ya mavuno huhitaji watu zaidi ya 100,000 kila mwaka katika eneo zima, wengi wao wakiwa vibarua wa msimu wanaotoka mbali. Mgeni mmoja aliuliza wanalala wapi. Mwongozaji angeweza kujibu kwa jumla na kuondosha gari. Alijibu kwamba inategemea mwajiri, kwamba wapo wanaolala vizuri na wapo waliowahi kulazwa mahali pasipofaa, na kwamba mwaka 2023 wapo waliokufa katika joto la mavuno. Hakuongeza chumvi. Mimi naongeza tu kwamba Julai 2025 mahakama ya Châlons-en-Champagne iliwatia hatiani watu watatu kwa kosa la usafirishaji haramu wa binadamu, kwa jinsi walivyowatendea wavunaji zaidi ya 50 katika mavuno hayo ya 2023, wengi wao wakiwa wametoka nchi za Afrika Magharibi. Katika nyumba kubwa tuliyotembelea baadaye swali la aina hiyo halikuulizwa, na sidhani kwamba lingejibiwa, kwa sababu anayezungumza kwa niaba ya chapa huwa amepewa maneno yake.

Hautvillers ilichukua muda mfupi. Kanisa la abasia, yaani la nyumba ya watawa, lina bamba jeusi sakafuni linalomtaja Dom Pérignon, mtawa aliyekuwa mtunza ghala hapo kuanzia mwaka 1668 hadi kifo chake mwaka 1715. Mwongozaji aliisahihisha hadithi maarufu kwamba yeye ndiye aliyevumbua povu. Mwaka 1662, miaka sita kabla mtawa huyo hajakabidhiwa funguo, Mwingereza Christopher Merret alikuwa amekwisha kueleza mbele ya Royal Society, chama cha wanasayansi cha London, jinsi wafanyabiashara wa mvinyo walivyoongeza sukari ili uchangamke. Dom Pérignon mwenyewe alilihesabu povu kuwa kasoro, na sifa yake ya kweli ni umakini wa kuchanganya zabibu za mashamba mbalimbali. Tulikula chakula cha mchana hapo kijijini, na sahani moja ya chakula moto ilimrudishia kijana wetu sauti yake ya kawaida.

Reims

Nyumba kubwa ilitupokea kwa wakati, na hapo kundi dogo likaisha. Tuliunganishwa na wageni wengine, tukawa zaidi ya 20, tukakabidhiwa kwa mwongozaji wa nyumba hiyo mwenye maelezo aliyoyakariri na mwendo uliopimwa, kwa kuwa nyuma yetu lilikuwa linakuja kundi jingine. Brosha yetu haikusema uongo: gari lilikuwa la watu wanane. Ila mgeni anayesoma "kundi dogo" anaelewa kwamba udogo huo utaingia naye ghalani, na katika nyumba kubwa za Reims na Épernay hilo hutokea tu kwa anayelipia ziara ya faragha, kwa bei nyingine kabisa.

Pamoja na hayo, yako mambo yanayopatikana Reims tu. Chini ya kilima cha Saint-Nicaise kuna machimbo ya kale ya chaki, mengine yenye kina cha mita 30 au zaidi, mdomo wake ukiwa mwembamba juu na tumbo likipanuka kadiri unavyoshuka. Joto lake hubaki karibu nyuzi 10 hadi 12 mwaka mzima. Katika Vita Kuu ya Kwanza, mji ulipokuwa ukipigwa mizinga, wakazi waliishi humu na watoto wakasomea humu. Kilima hicho, pamoja na mashamba ya Hautvillers na Aÿ na mtaa wa Avenue de Champagne, viliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2015. Mwongozaji wetu alikuwa ametukumbusha asubuhi tubebe masweta, na hilo peke yake lilitutofautisha na nusu ya wenzetu wapya waliokuwa wakitetemeka.

Kanisa kuu lilizaa lawama ndogo. Tulipofika, mwongozaji alituacha mlangoni, akatuambia tuingie wenyewe kwa dakika 40. Wapo walioona ametutupa. Sababu ni ya kisheria: nchini Ufaransa, kampuni inayoendesha ziara ndani ya majumba ya makumbusho na majengo ya kihistoria yanayolindwa inatakiwa kutumia mwongozaji mwenye kadi ya kitaaluma, na madereva wengi wanaoongoza hawana kadi hiyo. Kwa hiyo aliyekuwa na ujuzi wa kutosha kutueleza kuhusu mfalme Charles VII aliyetawazwa hapo Julai 1429 akiwa na Jeanne d'Arc, msichana shujaa wa vita, au vioo vya mchoraji Chagall vilivyowekwa mwaka 1974, alilazimika kutueleza garini na kunyamaza kanisani. Sentensi moja ya maelezo ingeondoa manung'uniko yote.

Mlango wa tatu

Saa kumi na nusu jioni, tukiwa tumerudi garini, ndipo mwongozaji aliposema kwamba Épernay haitawezekana. Mume na mke waliokaa kiti cha nyuma walikuwa wamenunua ziara hii hasa kwa ajili ya Avenue de Champagne, na walikuwa wamelitaja jambo hilo tangu asubuhi. Hawakupiga kelele. Waliuliza tu ni lini alipojua, na hakuwa na jibu zuri, kwa sababu jibu la kweli lilikuwa saa tatu asubuhi. Kwenye kituo cha mafuta, mara tu Reims iliposogezwa hadi saa tisa, hesabu ya muda ilikuwa imekwisha kuikata Épernay. Tena kutoka Hautvillers hadi Épernay ni kilomita chache tu: tulipokuwa tunakula, mtaa wanaoutamani ulikuwa ng'ambo ya mto. Wangeambiwa asubuhi, wangeweza kupendekeza chakula kifupi na kupita Épernay hata kwa nusu saa, bila kuonja. Katika kundi la wanane kura ya aina hiyo huchukua dakika mbili.

Naona mwongozaji alikuwa sahihi kuuacha mlango wa tatu, hata kwa sababu ya vinywaji peke yake: baada ya bilauri za kwa mkulima, ya mchana na mbili za Reims, nyingine tatu zingewafaa wachache. Kosa lilikuwa la kunyamaza. Alitangaza mpangilio mpya akaficha gharama yake, labda kwa matumaini kwamba muda ungepatikana njiani, na kwa kufanya hivyo aliitumia faida kubwa ya kundi dogo, uwezo wa kubadilika, bila kuwashirikisha wenye siku yao.

Sehemu kubwa zaidi ya lawama naiweka kwa kampuni. Ziara ya chini ya saa 24 isiyo na malazi haihesabiwi kuwa kifurushi cha safari katika sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2015 inayowalinda wanunuzi wa vifurushi hivyo, kwa hiyo wageni wetu walibaki na mkataba wa kawaida na kifungu kinachosema ratiba inaweza kubadilika. Kampuni ilijificha kwanza nyuma ya kifungu hicho, kisha ikawarudishia mume na mke wale bei ya kuonja mara moja. Kifungu hicho ni halali, lakini kimeandikwa kana kwamba mabadiliko ni ajali, wakati katika mwezi wa mavuno mabadiliko ndiyo kawaida. Ratiba ya Septemba ingepaswa kuuza milango miwili, ianze na mkulima kwa saa atakayoitaja yeye usiku wa kuamkia safari, na iutaje mlango wa tatu kuwa utafunguliwa muda ukiruhusu, kwa malipo yatakayofanyika papo hapo. Ingepaswa pia kuwa na bei ya asiyekunywa, kwa kuwa gharama ya kuonja inajulikana na inaweza kuondolewa.

Fedha zilizorudishwa ziliwafikia walioandika malalamiko tu. Mama wa Unguja na binti yake, waliolipia vituo vitatu vya kuonja mvinyo bila kuonja hata tone, hawakuandika na hawakuandikiwa.